Tunduma: lori lina dirisha moja la pamoja, mwomba hifadhi hana hata kipenyo. Tujadili

Wakala wa Boda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Mbalizi, Kyela, na ndugu zetu wa Iringa, karibuni.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, kwa hiyo mpaka huu naujua zaidi kwa upande wa mzigo. Tangu Oktoba 2019, Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, mzigo wa kwenda Lusaka au Lubumbashi ofisa wetu na wa Zambia wanaushughulikia chini ya paa moja. Shehena ya transit ikitoka bandarini Dar inatembea na T1 yake, yaani hati ya kupita, ina bondi ya dhamana, ina kufuli la kielektroniki. Ikichepuka Makambako kuna mtu ofisini anaiona. Foleni bado ipo, tena ya kuchosha, lakini hutasikia mtu akiuliza huu mzigo umetoka wapi na nani anawajibika nao.

Sasa njoo kwa binadamu. Kijana wa Hosaena, kusini mwa Ethiopia, anaingia Kenya bila viza kwa sababu nchi hizo mbili zimeondoleana viza. Hadi Nairobi ni msafiri kama mimi na wewe. Akivuka Namanga au Holili, sisi tunamdai viza, hana, amekuwa mhalifu. Anapita Mbeya kafunikwa turubai. Akifika huku wanamvusha kwa njia za panya, Malawi au Zambia anakamatwa, na kila nchi inamwandika upya kana kwamba jana hakuwepo popote.

Hebu angalieni hizi jumuiya. Ethiopia iko IGAD, ya Pembe ya Afrika. Kenya iko IGAD na EAC, ya Afrika Mashariki. Malawi, Zambia, Msumbiji na Afrika Kusini ziko SADC, ya kusini mwa Afrika. Katika njia yote hiyo, kutoka Moyale hadi Johannesburg, ni Tanzania peke yake iliyo EAC na SADC kwa pamoja, na pale zinapogusana kwenye lami ni hapahapa kwetu. Ukiacha Umoja wa Afrika, hakuna kikao cha jumuiya hata kimoja ambacho nchi zote za njia hii zinakaa kama wanachama.

Dai langu ni hili: serikali zetu zimejifunza kupitisha mizigo pamoja na kurudisha watu pamoja. Kazi ya katikati, ya kumkalisha mtu na kumsikiliza ijulikane nani kakimbia kifo na nani anatafuta kibarua, kila nchi inategea jirani aifanye.

Nawasilisha. Wanasheria karibuni. Wenye matusi pia karibuni, ila mje na hoja mkononi.

Mlowo Kwanza

Nimevuta kiti. Tiririkeni.

Boda Haina Huruma

Mkuu uzi mzuri ila unadekeza. Mtu akiingia nyumbani kwako usiku kwa dirisha humuulizi ana shida gani. Kenya ndiyo iliyomfungulia, Kenya ibaki naye. Sisi tumebeba Warundi tangu 1972, tumebeba Wanyarwanda 1994 robo milioni wamevuka Rusumo ndani ya siku moja, tumebeba Wakongo, tumewapa na uraia. Leo mnataka Tunduma nayo iwe kambi? Hapa maji yenyewe ni ya mgao.

Semi Trela

Mimi ni dereva, Dar hadi Kasumbalesa. Niwaambie kinachotukuta barabarani, hizo ibara waachieni wenye suti.

Dalali anakufuata mezani unakula, anakwambia kuna "mzigo unaotembea", hela yake inazidi posho ya safari nzima. Ukikubali ukakamatwa, lori linazuiliwa kama kielelezo, tajiri anakuruka, unabaki wewe na utingo wako mahabusu. Ukikataa, wapo wa gari za IT, zile zinazopitishwa kwenda nchi jirani, watakaokubali, wapo wa noah. Wanashushwa kabla ya mzani wa Mpemba, bodaboda wanawamalizia mashambani.

Lakini sikilizeni. Juni 2012, lori lilitupa maiti za Wahabeshi, yaani Waethiopia, zaidi ya 40 porini mkoani Dodoma, walikosa hewa. Mwezi huohuo boti ikazama Ziwa Nyasa upande wa Karonga, wakafa wengine zaidi ya 40. Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na watu 78, wazima 14 tu. Oktoba 2022 kaburi la pamoja Mzimba, Malawi, miili zaidi ya 25. Desemba hiyohiyo 2022, miili 27 imetupwa kando ya barabara nje kidogo ya Lusaka.

Ukichora hizo sehemu kwenye ramani unapata barabara ninayoendesha mimi na matawi yake. Nchi nne. Kila mara nchi moja inakamata dereva wake na kesi inaanza na kuishia kwake. Aliyekula hela nyingi yuko nchi ya tano anakunywa kahawa. Hapo ndipo ushirikiano unapotakiwa, msitusumbue sisi wa usukani peke yetu.

Mlowo Kwanza

Ile ya Tete sitaisahau. Pole mkuu kwa kazi.

Wakili Uyole

Boda Haina Huruma, umewaweka watu wawili kwenye gunia moja. Vijana wengi wanaopita huku wanakwenda kutafuta maisha Afrika Kusini, na kwao sheria ya uhamiaji inatosha. Lakini ndani ya lori hilohilo anaweza kuwemo aliyekimbia vita ya Tigray, au Msomali, au mama kutoka Kivu. Huyo analindwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na itifaki yake ya 1967, na zaidi ya hapo na mkataba wetu wenyewe wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, uliosainiwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Wa kwetu ni mpana kuliko wa Wazungu: unamtambua hata aliyekimbia machafuko yaliyovuruga amani ya nchi au sehemu ya nchi, si lazima athibitishe kuwa yeye binafsi anawindwa. Na unakataza waziwazi kumfukuza mtu pale mpakani kama akirudi maisha yake yatakuwa hatarini.

Sasa twende kwenye hoja ya mwanzisha uzi. Mkataba huo wa 1969, ibara ya 2, unasema nchi ikilemewa inaweza kuwaomba wenzake, moja kwa moja au kupitia OAU, nao wachukue hatua za kuipunguzia mzigo kwa moyo wa mshikamano wa Afrika. Maneno matamu. Hakuna mgawanyo, hakuna muda, hakuna anayelazimika. Mei 1979 Waafrika wakakutana Arusha kwa mkutano mzima wa wakimbizi, wakasisitiza kubebeana mzigo, wakaondoka. Mkataba wa Afrika Mashariki wa 1999 nao, ibara ya 124, unaahidi mfumo wa pamoja wa kushughulikia wakimbizi. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010 ikafungua milango kwa raia wa nchi wanachama, ila wakimbizi ikawaachia mikataba ya kimataifa. Kwa upande wa SADC, itifaki ya kurahisisha watu kutembeleana imesainiwa Gaborone mwaka 2005 na hadi leo haijaanza kazi kwa sababu waliothibitisha hawajafika theluthi mbili.

Kwa hiyo karatasi zipo, tena nyingi. Kinachokosekana ni kitu kidogo na cha kuchosha: afisa wa Tunduma akimwandikisha mtu leo, yule wa Nakonde au Songwe ya Malawi akubali maandishi yale.

Kuna wanaotaka tuige Ulaya. Kule wana utaratibu wa Dublin: kwa kawaida nchi ya kwanza uliyoingia ndiyo inayobeba ombi lako. Umewagombanisha Italia na Ugiriki na wenzao wa kaskazini miaka na miaka, hadi wakapitisha mkataba mpya 2024 kujaribu kuurekebisha. Tukiuleta huku, Uganda, Kenya na sisi tutabeba kila kitu kwa sababu tu ramani imetuweka karibu na moto. Na msidhani ni hadithi ya mbali. Waraka wa sera wa Afrika Kusini wa Aprili 2024 unataka kanuni ya nchi salama ya kwanza. Wakiitekeleza, maana yake Mhabeshi akifika Musina, mpakani mwa Afrika Kusini, ataulizwa kwa nini hakuomba hifadhi Zambia, au Tanzania.

Boda Haina Huruma

Wakili hapo umenigusa. Yaani South wanataka waturudishie?

Wakili Uyole

Hawajasema Tanzania kwa jina. Lakini chukua ramani uhesabu nchi zilizo njiani.

Mwl Mstaafu Tukuyu

Vijana, mmeongea vizuri. Mnaniruhusu mzee niwape upande ambao hamjaugusa.

Ninyi mnalia kwamba majirani hawashirikiani. Kuna wakati mkimbizi anaomba Mungu majirani wasishirikiane. Septemba 1964 mawaziri wa Banda waligombana naye miezi michache tu baada ya uhuru wa Malawi. Kanyama Chiume na wenzake wakakimbilia huku. Banda hakufurahi hata kidogo, na uhusiano wetu na Malawi ukawa mbaya miaka mingi. Tungekuwa na orodha moja ya wakimbizi inayosomwa Dar na Zomba, mji mkuu wa Malawi wa wakati huo, kwa wakati mmoja, wale watu wangeishi?

Mfano mchungu zaidi ni wa Orton Chirwa na mkewe Vera. Wote wanasheria, wameishi uhamishoni Dar es Salaam. Desemba 1981 wakatwaliwa wakiwa upande wa Zambia karibu na mpaka, serikali ya Banda ikadai imewakamatia kwake. Wakahukumiwa kifo, baadaye ikawa kifungo cha maisha. Orton akafia gereza la Zomba 1992, Vera akatoka mwaka uliofuata.

Kwa hiyo hiyo rejista ya pamoja mnayoililia, ulizeni kwanza nani ataifungua. Mkataba huo wa 1969 aliousema Wakili ulisema kumpa mtu hifadhi ni tendo la kibinadamu, jirani asilichukulie kama uadui. Uliandikwa na watu waliokuwa wanajua jirani hulichukuliaje.

Kamwene Kilolo

Kamwene wakuu. Shikamoo Mwalimu.

Huku kwetu Iringa kuna Mgagao. Wapiganaji wa ZANU wa Zimbabwe walikuwa na kambi pale, na tamko lao la 1975 lililomsogeza Mugabe mbele linaitwa kwa jina la Mgagao hadi leo. Mwaka huohuo Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU, aliuawa kwa bomu Lusaka na Zambia ikawakamata viongozi wa ZANU waliokuwa kwake. Kwa hiyo hata enzi za nchi za mstari wa mbele, tunazozisifia kila Mei, Kaunda na Nyerere walikuwa wanashauriana huku kila mmoja ana hesabu zake.

Na ninyi wa Mbeya mnasahau la kwenu. Januari 1962 Mandela alitua Mbeya kwa ndege ndogo kutoka Bechuanaland, hana pasipoti. Akapokewa na John Mwakangale wa TANU, baadaye serikali ya Tanganyika ikamwandikia karatasi ya kumtambulisha na kumruhusu kutoka na kurudi. Akazunguka Afrika na karatasi hiyo. Kwa lugha ya magazeti yetu ya leo angeandikwa "mhamiaji haramu akamatwa Mbeya".

Boda Haina Huruma

Mkuu usimfananishe Mandela na kijana anayekwenda kuuza duka Soweto ya Johannesburg.

Kamwene Kilolo

Sijawafananisha. Nasema aliyekaa mezani Mbeya ile siku alimsikiliza kabla ya kumpangia jina.

Binti Kasumulu

Mnaongelea marais, mie naongelea mto Songwe. Bibi yangu mzaa mama yuko Karonga, Mngonde. Babu Mnyakyusa wa Kyela. Msiba ukitokea ng'ambo sisi tunavuka, tukirudi tuna samaki na maharage. Wapo wanaopitia kituoni kugonga muhuri, wapo wanaopita chini kwenye mchanga maji yakipungua. Wote ni ndugu. Wa Ileje na Chitipa hivyohivyo, Wanyamwanga wa Tunduma na Nakonde hivyohivyo.

Kinachotuumiza ni kwamba kila wakisikia Wahabeshi wamepita, msako unaanza na sisi. Ukiwa mweusi kidogo, umefunga kitenge kwa mtindo wa Malawi, huna NIDA mkononi, unashushwa kwenye hiace kuhojiwa babu yako ni nani. Wahabeshi wenyewe wameshapita zamani usiku, walishalipiwa.

Halafu Wakala wa Boda usizisifie sana bidhaa. Machi 2025 Malawi walizuia vyetu, na Aprili sisi tukazuia vyao. Ndizi za Rungwe na nyanya ziliozea kwa watu. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache, serikali zikazungumza, hasara ikabaki kwa mama wa soko. Na Mei 2020 Zambia ilifunga Nakonde ghafla kwa ajili ya korona, jengo la pamoja likiwa palepale.

Ndaga fijo kwa uzi.

Wakala wa Boda

Binti Kasumulu, ndaga. Hilo la Aprili liliniuma mfukoni pia, na linaunga mkono ninachosema. Tulipojibu kwa zuio letu, serikali zilizungumza ndani ya siku chache kwa sababu nyanya zinaoza na wenye nyanya wana kelele. Mtu aliyekaa mahabusu hana kelele. Anakaa hadi rais mgeni aje. Januari 2021 Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alikuja Chato, Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa wa Kiethiopia 1,789. Elfu moja na mia saba! Vijana hao walikuwa wanakula ugali wa mlipakodi wa Tanzania kwa kosa la kupita tu. Walioshindwa kuwarudisha kwa utaratibu wa kawaida ni maofisa wa nchi mbili zenye mabalozi. Mimi nikiacha kontena bandarini muda kama huo nafilisika kwa tozo.

Mwalimu, la Chirwa nimelisoma mara mbili. Nadhani tofauti iko hapa: jirani wa njiani na nchi anayoikimbia mtu si kitu kimoja. Tanzania, Zambia na Malawi zinaweza kutambuliana maandishi kuhusu Msomali bila Mogadishu kupewa jina lake. Ikitokea anayekimbia ni raia wa mmoja wao, faili lake litolewe kwenye rejista ya pamoja. Na anayeifungua asiwe polisi wa doria, awe afisa wa wakimbizi akiwa na UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, pembeni.

Tena tunaweza. Kurudisha Warundi kuanzia Septemba 2017 kumefanywa na kamati ya pande tatu: sisi, Burundi, UNHCR. Wamsumbiji zaidi ya milioni waliokuwa Malawi walirudi kwao miaka ya tisini kwa makubaliano ya namna hiyohiyo. Safari ya kurudi ina kamati, ina mabasi, ina orodha. Safari ya kuja haina hata benchi.

Ninachotaka Tunduma ni chumba kimoja ndani ya jengo lilelile. Mkalimani wa Kiamhara na Kisomali, afisa wetu wa wakimbizi, wa Zambia, na mtu wa UNHCR. Aliyekamatwa na anayesema anakimbia asikilizwe pale, maofisa wa nchi zote mbili wayakubali maandishi. Anayetafuta kibarua apelekwe kwao kwa utaratibu, haraka, badala ya kulala jela ya mkoa.

Boda Haina Huruma

Wazo la chumba silipingi moja kwa moja. Lakini nani analipa? Mwanzoni mwa 2018 Tanzania tulijitoa kwenye ule mpango mpana wa UN wa wakimbizi, na sababu iliyosemwa ilikuwa usalama na hela ambazo wafadhili hawaleti. Na hapo sikuona serikali imekosea. Ukifungua chumba, dalali wa Nairobi kesho anawafundisha wote maneno ya kusema. Malawi wenyewe kambi yao ya Dzaleka waliijengea watu elfu kumi hivi, wamejaa zaidi ya elfu hamsini, 2023 wakawakusanya kwa nguvu waliokuwa mjini kuwarudisha kambini. Hizo ndizo nchi mnazotaka ziamini maandishi yetu?

Wakili Uyole

Hilo la Malawi ni hoja nzito na sina jibu jepesi. Walipojiunga na Mkataba wa 1951 waliweka masharti yao, kazi na kutembea huru vikiwemo. Kwa hiyo mkimbizi yuleyule ana haki tofauti akivuka mto Songwe. Kwetu nako sheria inamtaka akae kambini, na kambi ziko Kigoma. Zambia wana makazi kama Meheba na Mantapala ambako mtu anapewa kipande cha kulima. Wewe ungekuwa yeye, ungejitokeza wapi? Ndiyo maana hawajitokezi popote, wanakwenda tu mbele.

Kuhusu kufundishwa maneno, ni kweli wapo watakaofundishwa. Ndiyo kazi ya anayehoji. Wewe dukani ukipewa noti bandia hufungi duka.

Semi Trela

Mkijenga hicho chumba wekeni na namba ya simu ambayo dereva anaweza kupiga akisikia watu wanagonga ndani ya tela la mwenzake bila yeye kuwekwa ndani kama shahidi. Wengi wananyamaza kwa hilo tu.

Mjumbe Momba

Wakuu, mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji huku Momba, uzi nimeufuatilia kimya. Swali la vitendo. Juzi ilikuja familia ya Kikongo, mama na watoto, inasema imetoka vitani, wamepitia Zambia. Watu wakasema tupige simu polisi, wengine wakasema tuwape nauli waende zao Mbeya. Sheria inasemaje kwa ngazi yetu?

Wakili Uyole

Swali zuri kuliko yote humu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie nchini, kwa afisa aliyeidhinishwa, au mlinzi wa amani (justice of the peace), au mtendaji wa kijiji. Ndiyo, mtendaji wa kijiji ametajwa. Kwa hiyo nauli ya Mbeya msiwape, mtawapotezea siku na mtajiingiza ninyi wenyewe kwenye kesi ya kuwasafirisha. Wapelekeni kwa mtendaji, aandike majina, tarehe walipoingia na walikotokea kwa maneno yao wenyewe, apeleke taarifa wilayani ili ifike Idara ya Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani. Nakala ibaki kijijini. Ibara ya 31 ya Mkataba wa 1951 inamkinga mkimbizi asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali kama ametoka moja kwa moja kule kwenye hatari, amejitokeza bila kuchelewa na ana sababu ya msingi, na maandishi ya mtendaji ndiyo yatakayoonyesha kwamba alijitokeza. Kwa kuwa wamepitia Zambia wataulizwa kuhusu hilo, waseme ukweli, walikaa wapi na kwa nini waliondoka.

Wana siku ngapi tangu wafike?

Mjumbe Momba

Leo ya nne. Mtendaji yuko Vwawa kikaoni, anarudi kesho asubuhi. Nimempigia, nimemsomea ulichoandika, amesema wasiondoke. Wamelala kwa mama mchungaji.